Kuhara kwa watoto wadogo hapa Mpala: wazazi walijua nini, walitenda nini

Katika vijitabu vya namna hii tunazoea kusoma juu ya ngoma, ndoa na kutawazwa kwa masultani. Ni vizuri. Sisi tumechagua jambo lisilo na ngoma wala sherehe: kuhara kwa mtoto mdogo, na namna wazazi wa Mpala walivyokutambua na kukutunza nyumbani kabla ya kufika kwa muganga. Wengine watasema hayo si mambo ya mila, ni mambo ya dispanseri. Lakini jina ambalo mama analipa ugonjwa, kitu cha kwanza anachomnywesha mtoto, kitu anachomnyima, neno ambalo nkambo analisema akiwa amekaa mlangoni, vyote hivyo vimerithiwa. Tena vimeokoa watoto, na vimezika watoto.

Mpala yetu iko kando ya Ziwa Tanganika, karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani, kusini ya Kalemie. Ng'ambo, mbele ya macho yetu, ni Karema ya Tanzania. Mtoto wa hapa anazaliwa akiona maji: ya kuvulia, ya kuogea, ya kufulia vikwembe, ya kupikia bukari, ya kunywa. Mara nyingi ni maji yale yale, yamechotwa fasi ile ile. Ndiyo sababu tumbo la mtoto na ziwa havijaachana tangu zamani.

Kuna usemi tunaousikia mara kwa mara, hata kati yetu walimu: "Wazee hawakujua kitu, akili ililetwa na dispanseri." Na kuna wengine wanaojibu kwamba wankambo walikuwa na dawa ya kila kitu, ni Wazungu walioharibu. Sisi hatukubali wa kwanza wala wa pili. Tukifuata historia vizuri tunaona jambo jingine: kwa muda mrefu sana nyumba na hospitali zilikosea jambo moja kwa pamoja, yaani maji. Na alama kubwa ya hatari, mama zetu walikuwa wakiiona kwa macho na kuigusa kwa kidole.

Tuanze na majina. Mama wa hapa hasemi tu "mtoto anahara". Kuna kuhara kwa meno, mtoto anapoanza kukaa na kutambaa na ufizi unamwasha. Kuna kuhara kwa maziwa, ambako tutakurudilia. Kuna kuhara damu, kunakokuja na kukaza tumbo na kulia. Kuna kule kwa maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele, ambako siku hizi kila mtu anajua jina lake: kolera. Tena kuna ugonjwa wa utosi. Kila jina lilikuwa na mtu wake wa kuulizwa. Kwa meno hakuna aliyeitwa, mama alingoja tu. Kwa utosi aliitwa bibi mwenye kujua. Na kama yote yalishindikana, watu walianza kuuliza kama ni ugonjwa wa Mungu au ugonjwa wa mtu, yaani kama kuna mwenye kuutuma.

Miaka ya 1970 mtafiti mmoja, mama Christopher Davis, alikaa kwa Watabwa akichunguza namna wanavyougua na kujitibu. Makala yake ya mwaka 1981 aliipa kichwa kwa Kiswahili cha kwetu, "Kutambuwa ugonjuwa", na kitabu chake kikubwa, Death in Abeyance, kilitoka mwaka 2000. Neno hilo alilichagua vizuri. Kutambua, kwa mama wa Mpala, si kusikia jina kwa mtu mwingine na kurudi nyumbani. Ni kuangalia, kujaribu dawa moja, kungoja, kuiacha, kujaribu nyingine. Kwa magonjwa mengi hiyo ni njia ya busara. Kwa kuhara kwa mtoto wa miezi minane ni njia ya hatari, kwa sababu mtoto huyo hana siku tatu za kujaribiwa. Akiharishwa sana na kutapika, siku moja inaweza kutosha.

Sasa utosi. Kila mzazi anajua kwamba kichwani pa mtoto mchanga kuna mahali laini panapopiga kama moyo. Mtoto akihara sana, mahali pale panabonyea, panakuwa kama kishimo. Macho nayo yanaingia ndani, mdomo unakauka, ukivuta ngozi ya tumbo inakawia kurudi. Alama hizi zote wazee walizijua. Daktari wa leo anafundishwa hizo hizo chuoni: ni alama za mwili uliokaukiwa maji. Tofauti ni kwamba nyumbani utosi uliobonyea ulihesabiwa kuwa ugonjwa mwenyewe, peke yake, tena wakati mwingine ndio ulisemwa kuleta kuhara. Kwa hiyo dawa ilipelekwa juu, kwenye utosi: majani yaliyopondwa, mafuta, au dawa nyingine ya kupakwa. Mama aliona vema kabisa kwamba mtoto wake anakufa kwa kukauka, lakini mila haikumwambia kwamba kile kishimo kinajazwa kwa kijiko na kikombe, kwa mdomo.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kazi yetu ni kufundisha. Mtu asiyejua kitu unamfundisha kutoka mwanzo. Mtu anayejua alama lakini ameifunga kwa sababu nyingine, ukimwambia "wewe hujui kitu" atafunga masikio, na atakuwa na haki.

Juu ya maziwa mambo ni magumu zaidi. Zamani mama mwenye kunyonyesha hakupaswa kupata mimba nyingine upesi. Mtoto alinyonya miaka miwili hivi, hata zaidi, na baba na mama walishika mwiko wao. Mtoto akianza kuhara na kukonda, wazee waliangalia wazazi: je, mwiko umevunjwa? Baba ametembea nje? Maziwa yameharibika? Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Waswahili wa pwani wana neno lake kamili, kubemenda, na mtoto aliyedhurika hivyo wanasema amebemendwa. 

Mwiko huo ulikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulimlinda mtoto. Kunyonya muda mrefu kunamkinga na maji machafu na kunampa chakula kila siku, na watoto wanaoachana miaka miwili au mitatu wana nguvu kuliko wanaofuatana mwaka kwa mwaka. Mkono wa pili ulimpiga mama. Kama kuhara ni ushahidi wa kosa la kitandani, mama anaficha kuhara. Anafua vikwembe usiku. Anasema "ni meno tu". Hataki mama mkwe ajue, wala jirani, wala muganga atakayeuliza mbele ya watu. Saa zinapita. Hata leo tunaamini aibu hii imeua watoto wengi kuliko dawa zote za majani zikiwekwa pamoja, na wanaume wenzetu waelewe kwamba mara nyingi ni sisi tunaoileta nyumbani.

Dawa za nyumbani zilikuwa za namna nyingi. Inayojulikana zaidi ni majani ya mapera yaliyochemshwa, yenye uchungu wa kukaza mdomo. Watu wanayatumia sehemu nyingi za Kongo na ng'ambo pia. Yakichemshwa vizuri, angalau mtoto anapata maji yaliyochemka. Kulikuwa na uji mwepesi, na maji ya mchele kwa waliopata mchele. Upande mwingine kulikuwa na kuingiza dawa kwa nyuma, zamani kwa kibuyu kidogo, baadaye kwa kile kipira kinachouzwa sokoni. Wanasema ni kusafisha tumbo. Kwa mtoto anayehara ni kumwondolea maji mara ya pili. Na kulikuwa na desturi ya kumnyima: asinywe, maana akinywa anatoa; asile, tumbo lipumzike. Mama aliyemnyima mtoto maji hakufanya hivyo kwa ukatili. Alikuwa akiona kwa macho yake kwamba kila anachokunywa kinatoka.

Hapa ndipo tunapowaomba wale wanaosema "akili ililetwa" watusikilize. Mpala ilipata Mzungu mapema. Kapteni Émile Storms, Mbelgiji, alijenga kituo hapa mwaka 1883 kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, kama vile Karema ng'ambo ya ziwa. Hao walikuja na masanduku ya dawa. Lakini dawa ya Ulaya ya karne ile kwa mtu anayehara ilikuwa nini? Ilikuwa afyuni ya kufunga tumbo, kalomeli ya kuliendesha zaidi, ipeka ya kutapisha kwa mwenye kuhara damu, na kumfungisha mgonjwa chakula. Mwaka 1832, wakati wa kolera, daktari Thomas Latta wa Leith, Skoti, aliwatia wagonjwa maji ya chumvi katika mishipa, na wengine waliokuwa kama maiti wakaamka. Wakubwa wa dawa wakaliacha jambo hilo kwa miaka mingi. Hata katikati ya karne ya 20 vitabu vya udaktari vilikuwa bado vinaagiza kupumzisha matumbo ya mtoto kwa kumnyima chakula. Nkambo wa Mpala na profesa wa Ulaya walisema neno moja.

Kuhusu Karema kuna mtu ambaye hatuwezi kumpita bila kumtaja. Adrien Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 upande wa mto Niger, akakamatwa utumwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akapelekwa kusomea udaktari katika kisiwa cha Malta. Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wawe waganga na wakatekista wa Waafrika. Atiman aliondoka na msafara mwaka 1888, akatibu watu Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Ni zaidi ya miaka 65 katika kazi moja! Anakumbukwa pia kwa kujifunza dawa za miti za wenyeji. Kama ziwa linatenganisha nchi mbili leo, wakati ule mtumbwi uliliunganisha, na sifa ya muganga haiulizi mpaka.

Wakati wa Wabelgiji ilikuja desturi nyingine ambayo imebaki: kupeleka mtoto kwenye kilo. Mwaka 1912 iliundwa Ligi ya kulinda utoto wa Waafrika, na kazi ya "Tone la Maziwa" ikaenea Kongo pamoja na masista na makampuni: mama wanakusanyika, mtoto anapimwa, wanapewa mashauri. Kilo imesaidia sana, kwa kuwa mtoto anayehara mara kwa mara anaonekana kwenye mizani kabla mama hajaona. Lakini katika mashauri yale kulikuwamo pia kupunguza miaka ya kunyonyesha na ya kuachana kitandani, kwa sababu serikali na makampuni walitaka watoto wengi, yaani wafanyakazi wa kesho. Wazungu waliuita mwiko wetu ushenzi. Walitupa mikono yote miwili, ule unaopiga na ule unaolinda.

Akili mpya ilikuja kwa wote kwa pamoja, na haikutoka Ulaya. Mwanzo wa miaka ya 1960 Robert Crane alikuwa ameeleza namna utumbo unavyopitisha chumvi na sukari kwa mlango mmoja: sukari ikiingia, inaivuta chumvi, na chumvi inayavuta maji. Mlango huo haufungwi na kuhara, hata na kolera. Mwaka 1968 huko Dhaka, nchi inayoitwa leo Bangladesh, madaktari walionyesha kwamba mgonjwa wa kolera anaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya nchi hiyo, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na seromu za mishipa katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India. Akawapa ndugu za wagonjwa maji hayo wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100, vikashuka mpaka chini ya 4. Angalieni vizuri ni nani aliyeshika kikombe: si daktari, ni mama na dada.

Baadaye, kati ya mwaka 1980 na 1990, shirika la BRAC lilipita nyumba zaidi ya milioni 12 za Bangladesh kuwafundisha mama kuchanganya: chumvi kwa ncha ya vidole vitatu, sukari guru kwa ngumi. Wafundishaji walilipwa kadiri ya yale ambayo mama waliyakumbuka walipoulizwa baadaye. Sisi walimu tukilipwa kwa kipimo hicho, sijui ni wangapi tungekula mwisho wa mwezi!

Kwetu, wakati wa Zaire, mambo hayo yalifika katika miaka ya 1980. Nchi iligawanywa katika zone za afya 306, na PEV, kazi ya chanjo, ikaungana na mradi wa CCCD uliosaidiwa na Marekani kupigana na magonjwa ya watoto. Sashe za SRO zikaingia dispanseri. Mashauri yakasema: sashe moja, lita moja ya maji safi, mnyweshe kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika kumi uendelee, ziwa usimnyime. Kwa asiyekuwa na sashe: lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vikikatwa juu visifurike.

Lakini lita ni nini katika nyumba ya Mpala? Chupa iliyokuwepo ni ya Primus au Simba, ile kubwa, nayo haifiki lita moja. Ya Primus ni sentilita 72. Ukimwaga sashe nzima mle, maji yanapita ukali kwa karibu asilimia 40, na maji ya chumvi kali yanamdhuru mtoto badala ya kumponya. Jambo dogo la chupa, lakini linahusu maisha.

Na sukari nayo ina historia. Chumvi tunaijua tangu zamani: ile ya Uvinza, ng'ambo, ilipitia Ujiji na kuvuka ziwa kwa mitumbwi kabla ya Storms kuzaliwa. Sukari ni ya juzi, ni ya dukani, na vita ikikata njia ya Kalemie ndiyo ya kwanza kupotea. Hapo uji wa wazee unarudi kwa heshima. Wataalamu wa Bangladesh walionyesha kwamba unga wa mchele uliopikwa unafanya kazi ya sukari, kwa sababu wanga ukifika tumboni unageuka sukari. Uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kunyonya bila kukatizwa, na chakula cha kawaida mara mtoto anapokitaka: nusu ya dawa ilikuwa jikoni siku zote. Palikosekana chumvi kidogo ndani yake, na ruhusa ya kumnywesha wakati bado anahara.

Yaliyofuata wote tunayakumbuka. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 misaada mingi ilikatwa. Dispanseri zilibaki na meza na rejista. Watu wakanunua vidonge vya tetra kimoja kimoja sokoni, kwa kuhara kwa kila namna, na mtoto akapewa nusu ya dozi ya baba yake. Julai 1994 huko Goma, kati ya wakimbizi wa Rwanda, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi sana kwa kolera na kuhara damu. Kisha vita ya 1996 na ile ya 1998, watu wakikimbilia porini wakinywa maji ya popote. Kolera imefanya makao katika miji ya kando ya ziwa, Kalemie na Uvira. Na ziwa lilipopanda katika miaka hii ya 2020, lilifika nyumbani na kufungua vyoo.

Kuna mema pia. Tangu mwaka 2002 sashe ina fomula mpya yenye chumvi na sukari pungufu kuliko ya kwanza. Tangu 2004 OMS na UNICEF wanaagiza zinki pamoja nayo: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 mpaka 14, na 10 kwa mtoto asiyefika miezi sita. Inafupisha kuhara, na inakinga kidogo kwa miezi inayofuata. Chanjo ya rotavirusi, kijidudu kinacholeta sehemu kubwa ya kuhara kukali kwa watoto wachanga, imeingia Kongo mwaka 2019. Zinki mama wengi wanaiacha siku ya tatu, kuhara kukikoma, na kuviweka vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine. Damu katika mavi, kutapika kusikokoma, mtoto asiyeweza kunywa au aliyelegea: hayo si ya nyumbani tena, ni ya kupeleka upesi, na kumnywesha njiani.

Tulipokuwa tukitayarisha kurasa hizi tuliwauliza mama kadhaa hapa kijijini watuonyeshe namna wanavyochanganya. Wengi walijua sukari na chumvi. Chupa ya Primus ilikuwa imekwisha kupotea mikononi mwao. Waliokuwa vijana walileta chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, na vijiko vilikuwa vile vile sita. Kwa chupa hiyo vinatakiwa vijiko tisa vya sukari, na chumvi robo tatu ya kijiko. Bibi mmoja hakuleta chupa yoyote. Alionja kwa ncha ya ulimi, akasema isipite chumvi ya machozi, akaongeza maji.